Kisu kwa Mkono wa Kushoto

Mwezi wa pili tangu kiharusi kimlaze Mpishi mkono wa kulia, mke wa mwanawe, waliyemchukua kwao kumuuguza, alinipigia simu kutoka Wusi, kule milimani. Hakutaka kuniomba kitu. Alitaka tu nijue kwamba visu vyote vya nyumba ile amevifungia kabatini, na kwamba mama sasa anarudisha chakula.

"Anakula vijiko viwili, anasukuma sahani," alisema. "Anasema chakula cha kuletewa ni cha mgonjwa, na yeye si mgonjwa, ni mkono tu umelala."

"Daktari alimkataza kushika kisu?"

"Daktari alisema afanye mazoezi. Ni mimi naogopa, Baba Nekesa. Akijikata hapa kwangu nitasema nini?"

Sikuweza kumlaumu. Mama mkwe akiumia mikononi mwako, majirani watapanda ngazi zote za shamba kuja kuuliza ulikuwa wapi. Lakini nilipokata simu moyo uliniuma sana. Yule mama alinifundisha kununua kisu, akanifundisha kukishika, na kama leo wanangu wanakula chakula kinachofanana na chakula ni kwa sababu yake. Sasa yeye mwenyewe hana hata cha kukatia kitunguu. Nikaamua nitamtafutia kisu ambacho mkono wa kushoto utakiweza peke yake. Akikikubali, atapika. Akikikataa, basi tutakuwa tumemzika akiwa bado ameketi kwenye kiti, na mimi sikuwa tayari kwa mazishi ya namna hiyo.

Alizaliwa lini na ukoo gani, usiniulize. Niulize ni kisu gani alikichukia nitakueleza mpaka uniombe ninyamaze. Mtaani kwetu Voi, nyuma ya stesheni, kila mtu alimwita Mpishi, hata pasta. Miaka mingi aliwapikia wanafunzi wa shule ya bweni, na alipostaafu akapanga nyumba ya pili kutoka kwangu kwenye ploti ile ile. Alisema baridi ya mlimani inamla magoti. Joto la Voi nalo alilisema vibaya kila siku ya Mungu, vumbi lake, upepo wake, maji yake ya chumvi, na hakuhama.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Nilikuja Voi kutoka Bungoma nikiwa kijana, nikaoa, nikapata mabinti wawili. Mke wangu ni nesi, na alipopewa uhamisho kwenda Taveta nilibaki na watoto na jiko. Jiko sikulijua. Nilichojua ni kwamba mpishi anahitaji visu, basi nikaenda dukani nikanunua seti nzima: visu sita vyenye mipini ya rangi rangi, kila kimoja na kishimo chake kwenye kibao. Viling'aa mpaka nikaviweka mbele ya dirisha wapita njia wavione.

Siku ya nne nilikuwa nje nikipasua boga. Mpini wa kijani ulibaki mkononi, chuma kikabaki ndani ya boga. Mpishi alikuwa anaanika nguo.

"Fundi," akaniita, "wewe unaweza kununua spana ya plastiki?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Itavunjika."

Alianika nguo yake ya mwisho, akaja, akachomoa kile chuma kwenye boga kwa vidole viwili, akakitazama kwa huruma, akakitupa kwenye ndoo ya taka. Kisha akaingia ndani kuchukua mkoba wake, tukaenda sokoni. Haki ya Mungu, sikuwahi kuaibika hivyo. Mimi ninayewafukuza wateja wanaoniletea waya za bei ya kutupa.

Ndani ya ule mkoba kulikuwa na Biblia, miwani, na nyanya moja iliyoiva kupita kiasi. Nyanya hiyo aliibeba kila alipokwenda sokoni, ya kujaribia visu, hata siku ambazo hakuna mtu aliyekuwa ananunua kisu. Jumapili moja aliisahau mkobani akaikalia kanisani. Alisimama kuimba akiwa na doa jekundu nyuma ya gauni, akaimba mpaka mwisho, na aliponong'onezewa alisema tu kwamba nyanya ile ilikuwa laini mno hata hivyo, isingemfaa kwa jaribio.

Hakunipeleka kwenye duka. Alinipeleka kwa wale wanaotandaza vyombo vya mtumba kwenye turubai, vijiko na uma na vifuniko visivyo na sufuria. "Vya dukani vimepakwa mafuta ya kudanganya macho," alisema. "Hapa kisu kimeshachakaa, kama kina tabia mbaya imeonekana." Akachuchumaa na magoti yake mabovu, akaanza kuchambua.

Kwanza alinipima shubiri. Chuma cha kisu, kutoka mpini mpaka ncha, kiwe shubiri yangu, si zaidi. Kifupi kitanichosha kwenye kabichi, kirefu nitakiogopa, na mtu akiogopa kisu ndipo kinamkata. Vyenye meno kama msumeno alivisukuma pembeni bila kuvitazama mara mbili, ni vya mkate, na mkate wa Voi unauzwa umeshakatwa. Kisha akageuza mipini, akichungulia kitakoni. Alitaka kuona chuma kimepita katikati ya mbao mpaka mwisho, na misumari yake mitatu imekaza, bila ufa wa kuingiza uchafu. Kile ambacho chuma chake kimeishia njiani kikagandishwa kwa gundi hakukisamehe. Alikiinua kingine usawa wa jicho akatazama mgongo wake kama seremala anavyotazama mbao, akakirudisha kwa sababu kimepinda unywele mmoja. Nilichokiona mimi kimenyooka, yeye alikiona kimepinda, na nilipokiweka juu ya kioo cha simu yangu, kilicheza.

Akabaki na kimoja. Kilikuwa cheusi, kina madoa, mpini umefubaa. Ningekikanyaga nikapita.

"Lakini hiki ni butu, mama."

"Ubutu si kosa. Mtoto akizaliwa anajua kusoma?"

Mwuza vyombo alikuwa anakunywa chai. Mpishi akamwambia, "Maliza chai yako, baba." Yule mtu akamaliza, nadhani kwa kushangaa. Mpishi akachukua kikombe, akakipindua, akapitisha kisu kwenye ule ukingo wa kitako usiong'arishwa, wenye kukwaruza, mara kumi upande huu, mara kumi upande ule, polepole, kama anampaka mtoto mafuta. Akatoa nyanya. Hakukandamiza. Aliweka tu kisu juu ya ngozi akakivuta, na nyanya ikafunguka.

Nilikinunua kwa chini ya nusu ya bei ya ile seti, na ninacho hadi leo. "Bei ya chini si aibu," aliniambia tukirudi. "Aibu ni kununua kitu kimoja mara tatu."

Kununua ilikuwa mwanzo tu. Alikuja jikoni kwangu akaviondoa vile visu vitano vilivyobaki, ati mtu ana mdomo mmoja, visu sita ni vya nini. Alinikataza kukatia kwenye sahani, kukiacha kisu kwenye karai la vyombo, na kukipeleka kwa yule bwana wa kunoa kwa baiskeli. Na huyo bwana walikuwa na vita. Alikuwa akisimamisha baiskeli yake langoni mwa ploti, anakanyaga pedali, jiwe linazunguka, cheche zinaruka, kina mama wamepanga foleni. Mpishi akaenda akagusa kisu cha jirani kikiwa bado moto.

"Umekipika," akamwambia. "Chuma kikipikwa hakina makali tena, na nusu yake imebaki kwenye hilo jiwe lako."

"Mama, wewe ulisomea chuma wapi?"

"Kwa sufuria ya shule nzima."

Akamfukuzia mteja baada ya mteja, akawafundisha kutumia kinoo na maji. Ungedhani wangechukiana milele. Lakini saa saba nilimwona yule bwana ameketi kivulini mwa nyumba ya Mpishi anakula kimanga chake, muhogo na maharagwe yaliyopondwa vizuri, amewekewa na kachumbari. Akaondoka na panga la Mpishi kulinoa. Nilipomwuliza, alisema panga ni panga, na mtu akija langoni kwako saa za chakula ni mgeni hata kama ni mjinga.

Hakuwahi kunipa kisu mkononi. Alikiweka chini, nawe ukakiokota. Siku moja mvua inanyesha, sisi tuko uani tunakimbiza vyombo ndani, nilinyoosha mkono anipe kisu. Alikiweka kwenye matope akasubiri. Nilikiokota nikilowa. Alisema visu vikipita mikononi maneno makali nayo hupita, na yeye na mimi tulikuwa na maneno ya kutosha.

Alikuwa mwaminifu, kila mtu atakuambia, ila kuna habari ya Mghange, kijiji cha milimani, ambayo yeye mwenyewe alinisimulia, na sitaiacha. Kule milimani, kukiwa na harusi au matanga, kina mama wanaokwenda kupika hubeba kila mmoja kisu chake kutoka nyumbani, kimefungwa kwenye leso. Visu thelathini vikiwa kwenye rundo moja la viazi havijulikani, basi kila mtu hukitia chake alama, uzi, rangi, tundu. Cha Mpishi kilikuwa na rangi nyekundu ya kucha kwenye mpini. Aliwacheka wenye kutumia uzi, ati uzi unafunguka.

Harusi moja ya Mghange ilikwisha jioni, kila mtu akachukua chake. Mpishi alifika Voi, akakifungua, akaona rangi nyekundu sawa, ila kisu si chake. Kumbe kuna mama mwingine naye aliamini rangi ya kucha. Na hicho cha yule mama kilikuwa kizuri kuliko chake. Chembamba, chepesi, kinaingia kwenye kitunguu kama hakuna kitu.

"Nikasema nitakirudisha Jumapili," alinisimulia. "Jumapili zikawa nyingi."

"Ngapi?"

"Wacha tu."

Alipokipeleka hatimaye, yule mama wa Mghange alimkaribisha, akampikia chai, akamrudishia chake kimenolewa vizuri. Kisha akamwuliza kama kile kingine kimemfaa. Akasema alijua siku ile ile, akiwa bado uani kwa bwana harusi. Alitaka tu kuona Mkristo anakaa muda gani na kisu cha mwenzake. Mpishi alisema chai ile ilikuwa na tangawizi na haikushuka. Tangu siku hiyo alifunga uzi wa buluu kwenye mpini wake, na hakumcheka mtu tena.

Jambo jingine lililonichekesha ni ubao. Alinilazimisha ninunue ubao wa kukatia. Mwanamume akate kwenye ubao, alisema, vidole vyake ni vya kazi. Yeye mwenyewe hakuwa nao. Sukuma wiki aliikunja ikawa kama sigara nene, akaishika hewani kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukapita mbele yake chap chap chap, majani yakianguka kwenye karai membamba kama uzi wa cherehani. Alikata huku anaongea, huku anamtazama mtoto wa jirani, huku anasinzia karibu. Nilimwambia hiyo ni hatari anayonikataza mimi. Akasema ubao ni wa hoteli na wanaume, na siku akihitaji ubao tumwite pasta.

Ndiyo maana nilipokaa karakanani baada ya ile simu, nilijua shida yangu si kisu tu. Mkono ulioshika sukuma upo, mzima. Uliokata ndio umelala. Hata nimpe kisu cha dhahabu, atashikia nini na atakatia nini?

Kwa hiyo nilijifunga. Nekesa alinifunga mkono wa kulia kwenye mshipi kwa leso ya mama yake, nikapika wiki nzima kwa wa kushoto. Mdogo wake alicheka mpaka akalala sakafuni. Siku ya kwanza tulikula mkate. Siku ya pili nilifukuza kitunguu jikoni kote, kila nikikigusa kinaviringika, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kitunguu ndicho kinachohitaji mkono. Siku ya tatu nilichukua kipande cha mbao ngumu, nikapigilia misumari miwili isiyoshika kutu kutoka chini, ncha zikatokeza juu. Ukichoma kitunguu hapo, kimetulia. Pembeni nikaweka kingo mbili za kuzuia, na chini nikagandisha mpira wa tyubu ya lori usiteleze. Siku ya tano tulikula kabichi.

Kisu kilinisumbua zaidi. Nilikwenda Mraru kwa mhunzi anayefua visu kutoka springi za magari. Chuma safi sana, nakijua, lakini vizito, na makali yake yamenyooka kama rula. Nilikuwa nimegundua kwamba kwa mkono mmoja mtu anahitaji makali yenye tumbo, ili ncha ikae kwenye ubao na kisu kiyumbe mbele nyuma bila kuinuliwa. Nilirudi kwenye turubai za Voi. Nilipima shubiri, ya mwanamke safari hii. Nilichungulia mipini. Nilirudisha kumi na kitu. Mwuza vyombo aliponiona natoa nyanya mfukoni alianza kumaliza chai yake mwenyewe.

Nilipanda Wusi Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa mashambani. Mpishi alikuwa mlangoni mwa jiko la nje, kitini, amevalishwa sweta, mkono wa kulia mapajani. Amekonda. Hilo lilinipiga. Mke wa mwanawe, Mama Wakio, alinisalimia akatazama mfuko wangu, na nadhani alijua, maana hakuondoka mlangoni.

Niliweka ubao kwenye kigoda mbele yake, na kisu juu ya ubao.

"Hiyo ni nini, Baba Nekesa?"

"Ubao."

"Naona ubao. Hii misumari?"

Nikamweleza. Nikamweleza na habari ya leso na wiki ya mkate. Hakucheka. Alikichukua kisu kwa mkono wa kushoto, akakiinua usawa wa jicho, akatazama mgongo. Akakigeuza, akachungulia kitako. Kisha akagusa makali kwa kidole gumba na uso ukabadilika, ule uso wa zamani wa kumfukuza mtu jikoni.

"Umenoa upande mmoja zaidi. Kitavuta kwenda nje. Umenoa ukifikiria mkono wako wa kulia."

Alisema kweli. Nililetewa kinoo na maji, nikapiga magoti kwenye udongo nikanoa upya, yeye akihesabu kwa sauti. Aliporidhika aliomba kitunguu.

Mama Wakio alinitazama mimi, si yeye. Kisha akaleta kimoja. Mpishi alikilenga kwenye misumari, akakosa, kikaanguka. Nilikiokota. Akalenga tena, kikashika. Akaweka kisu juu yake. Na hapo akasita.

"Naogopa," alisema taratibu. "Sijawahi kuogopa kisu."

Nilimwambia ukweli tu, kwamba mimi pia niliogopa, kwamba siku ya pili nililia kidogo watoto wasione, na kwamba siku ya tano mkono ulianza kusikia. Alivuta pumzi. Ncha ikakaa kwenye ubao, tumbo la kisu likashuka, kitunguu kikapasuka mara mbili.

Alikata chote. Ilichukua muda ambao zamani angekata gunia. Vipande vilikuwa vikubwa, vingine vimechongoka, vipande ambavyo ningemletea mimi angenirushia. Alivisogeza kwa ubapa wa kisu mpaka pembeni, akakaa akivitazama, machozi yakimshuka, hakuyafuta kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa na kazi. Mama Wakio alipiga hatua moja kuja kumsaidia.

"Wacha," alisema Mpishi.

Mama Wakio akasimama. Kisha akazunguka nyuma ya jiko kwenda shambani, nikamsikia anakata kitu. Alirudi na kabichi nzima, kubwa, bado ina umande, akaing'oa majani ya nje, akaiweka kwenye ubao mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, leo tuko na mgeni, na watoto wanarudi saa saba na njaa," akasema. "Mimi naenda maji."

Akachukua mtungi wake wa plastiki akashuka njia ya kisimani, hakugeuka hata mara moja. Mpishi alimtazama mpaka akapotea kwenye migomba. Kisha akavuta ubao karibu, akaniambia nisisimame hapo kama nguzo, niwashe moto.